Ndala ya Mguu wa Kulia

Kasingirima, Ujiji
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Siwema,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya Mwenyezi Mungu, mbele ya mama yako aliyelala na kukoroma, na mbele ya kuku wawili walionusurika karamu ya kukuaga, natangaza kwa wakazi wote wa nyumba hii kwamba ndala ya buluu, ya mguu wa kulia, iliyotoweka kule Kibirizi katika mazingira ya kutatanisha, imepatikana ikiwa salama. Mwenye nyumba anawashukuru wote walioshiriki kuitafuta, yaani yeye mwenyewe. Shughuli nyingine zinaweza kuendelea.

Tangazo limekwisha. Ndala imo ndani ya kiroba, nimekitundika msumarini nyuma ya mlango vilevile nilivyokuja nacho.

Kuhusu maagizo ya safari, mama yako amekuhutubia tangu alasiri: chandarua, vidonge, khanga ya akiba, usikae ukingoni mwa boti, usile cha mtu usiyemjua. Halafu papo hapo akakufungashia chakula cha kuwagawia watu usiowajua. Sina la kuongeza. Mimi nimekaa hapa mezani kwa sababu ya neno moja uliloniomba mara nyingi, na kila ukiniomba mimi najifanya nina soli ya kugundisha. Unataka radhi. Khalifa wa tarika yetu alisema mbele yetu, pale zawiyani tunapokusanyika kwa zikri, "Bila radhi ya baba yako boti itavuka, Siwema, ila wewe utakuwa hujavuka." Na boti ni asubuhi.

Umedhani kilichonifunga mdomo ni hofu ya ziwa. Umedhani ni habari za vita za ng'ambo, au maneno ya mtaa, kwamba binti wa Baba Siwema anakwenda Kalemie kuosha maiti wa kila dini kama hapa kwetu watu hawafi. Umenijibu hofu hizo zote kwa adabu, moja baada ya nyingine, na mimi nikakuacha uendelee, maana ulipokuwa unajibu swali ambalo sikuuliza nilikuwa napata nafasi ya kupumua.

Ni wivu, mwanangu. Nakuonea wivu. Na usidhani ni ule wivu wa sifa ambao wazazi hujigamba nao, eti mwanangu amenipita, alhamdulillahi. Huu ni wivu mkavu, wa fundi anayeona wateja wake wanampita kwenda kibanda cha jirani. Mama yako aliujua siku ya kwanza. Alikuwa anamimina mawese kwenye chupa, wala hakuinua uso. "Wewe mzee," akasema, "unamwonea mtoto wivu kama mke mwenza." Nikamwambia amimine mafuta yake. Akamimina, huku anacheka mpaka yakamwagika, na hasara hiyo akaniandikia mimi.

Ili unielewe lazima nikurudishe nyuma, maana wewe umenikuta tayari nimekaa mlangoni.

Niliingia tarika nikiwa kijana ambaye ndevu zake bado zilikuwa matumaini. Nilikuwa nimewasikia wazee wakisimulia kwamba ndani ya zikri ipo saa ambayo mtu hujisahau. Jina linamtoka, kabila linamtoka, hajui yeye anaishia wapi na mwenzake anaanzia wapi, na kinachobaki ni Mmoja. Niliposikia hayo nilitamani vile mtu mwenye njaa anavyotamani akipita penye harufu ya migebuka inayochomwa. Nikafanya kila nilichoambiwa. Nikahifadhi uradi. Nikafunga saumu za sunna mpaka suruali zikahitaji kamba. Alhamisi sikukosa, si kwa mvua wala kwa homa.

Duara linasimama, mikono imeshikana, pumzi zinapanda na kushuka pamoja, "Hai, Hai," mpaka kuta zinatoka jasho. Kushoto kwangu muuza chumvi analia bila kujificha. Kulia kwangu mvuvi mmoja, mtu aliyetoka kuwauzia watu samaki waliochina, karibu kuoza, mchana uleule, amefumba macho na uso wake umetulia kama wa mtoto aliyeshiba maziwa. Na mimi katikati yao nawaza ndala.

Unaijua hali ya mlangoni kwetu. Watu wanavua, wanaingia, na wakitoka wanatoka bado wamo mbali, kila mtu anatumbukiza mguu kwenye kilicho karibu. Kesho yake mtaa mzima unabadilishana. Mzee amerudi na ya mwanamke, mnene amerudi na ya mwembamba, watu wanapitiana nyumba kwa nyumba wakichekana. Hakuna anayekasirika. Upo utani wa tangu zamani pale zawiyani: aliyerudi na ndala zake mwenyewe hakufika. Ni utani tu, na kila mtu huucheka. Mimi nacheka na wenzangu, lakini kicheko hakishuki chini ya shingo, maana katika umri wangu wote wa tarika sijapata kurudi nyumbani na ndala ya mtu.

Kazi ndiyo iliyoniharibu. Mtu akishinda kibandani akishona viatu, jicho lake hujifunza tabia mbaya: likiona kiatu linakisoma. Nipe ndala gizani, nitaipapasa nikwambie ni ya mguu upi, mwenyewe anaegemea wapi akisimama, na kama ana haraka maishani au anangojwa. Sasa nenda na jicho hilo katika zikri. Wenzangu wanayeyuka, mimi nahesabu. Naona mgeni ameweka viatu vya ngozi karibu mno na ukingo. Naona kandambili mbili zinazofanana, nasema hapo patakuwa na kesi. Mungu yupo ndani, mimi nimebaki nje na vilivyovuliwa.

Kuna Alhamisi niliamua kulazimisha. Nikafumba macho kwa nguvu, nikayumba kuliko wote, nikapaza sauti. Nikasikia karibu na sikio langu mtu ananong'ona, "Ndugu yangu, taratibu. Huo ni mguu wangu." Khalifa, ambaye huona kila kitu akiwa amefumba macho, aliniita baada ya kahawa. Hakunikaripia. Alisema tu, "Macho yako yapo mlangoni. Basi keti mlangoni, yasisafiri peke yake." Tangu siku hiyo ni mlinzi wa viatu. Wageni kutoka mbali hunipa mkono kwa heshima wakidhani ni cheo.

Nikasema labda nimekosea nyumba. Hili hukulijua. Nilianza kuzunguka, kimyakimya, kama mwanamume anayetafuta mganga wa pili. Jumapili nilikaa kwenye ukuta wa kanisa nikijifanya nangoja mteja, nikawasikiliza wakiimba. Nilisimama nyuma ya turubai la walokole, pale wanapoomba kwa kelele mpaka spika inakohoa. Nikapanda hadi Kalinzi, pikipiki ikanifikisha pale ilipochoka, nikamalizia kwa miguu, kumtafuta katekista mmoja mstaafu aliyesifika kwamba akinyamaza kuomba hata ndege humsogelea. Nikamkuta anachuma kahawa. Nikamsalimu "Mwakeye," kwa Kiha changu cha mjini. Aliniitikia akanipa kikapu. Tukachuma mpaka jua likainama na migongo yetu pia. Mwisho nikamuuliza siri yake ni ipi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali alipo. "Siri gani tena? Leo umenisaidia, kesho nitapumzika." Nikarudi nimeudhika, na mikono imechubuka.

Lakini nilikuwa nimekwisha kutazama viatu vyake. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje, vilevile kama cha Khalifa wetu. Na cha walokole kinalika hivyohivyo, na cha Waha wanaoshuka kutoka Simbo na ndizi, na cha Wakongo wa pwani. Siku hiyo nilielewa jambo, na kwa muda nililionea fahari. Nikiletewa rundo la viatu kibandani bila kuambiwa ni vya nani, naweza kukutajia mlevi, mchungaji wa ng'ombe na mwanamke anayebeba mzigo kichwani, lakini siwezi kukutajia Mwislamu na Mkristo. Chini, pale tunapogusa ardhi, hakuna tofauti. Nilidhani nikishajua hivyo nimefika. Kumbe nilikuwa najua umoja wa wanadamu kama ninavyoijua Kalemie. Nimeisikia tangu utotoni, usiku wa anga safi naona taa za wavuvi upande ule, na sijapata kukanyaga.

Kosa langu kubwa si ndala. Kosa langu ni kwamba nilidhani jambo hili lina foleni. Nilidhani mtu akiwahi, akakaa, asiondoke hata kwenda kunywa maji, zamu yake lazima ifike. Nilikuwa nawaangalia vijana wanaoingia tarika nikisema moyoni, nyinyi ngojeni, wapo waliotangulia. Foleni hiyo niliipanga mimi, nikasimama mimi, nikawa na mimi msimamizi wake. Halafu ukaja wewe ukapita pembeni, tena hukuwa hata unakuja huku.

Maana wewe ulikuwa unakwenda kuchukua dagaa. Wacha nikusimulie habari yako mwenyewe, uone ilivyoonekana kutoka kwangu. Mama Furaha wa Kibirizi, aliyekuwa akikuuzia dagaa wa kupeleka sokoni, alikuwa amekufa asubuhi hiyo, na wewe hukujua. Uliwakuta wawili tu chumbani, marehemu na mdogo wake Speransi. Ndugu wengine walikuwa ng'ambo, akina mama wa jumuiya yao walikuwa hawajafika, na joto halingoji mtu. Speransi alikuwa amekaa chini hawezi kuanza. Ukavua ndala mlangoni, ukaingia, mkamwosha.

Jioni ukarudi. Nilikuwa kizingitini nashona mkoba wa mtu. Kabla sijaona uso wako niliona miguu yako: kushoto ndala yako ya buluu, kulia ndala ya kijani ya mtu mwingine, kubwa, kisigino kimelika upande wa nje. Nikajua kabla hujasema. Mkono wangu ulisimama na sindano hewani.

"Baba," ukasema, "nilipokuwa namwosha, ilifika mahali sikujua mkono upi ni wangu na upi ni wake."

Kisha ukauliza kama chai ipo.

Mwanangu, sentensi hiyo niliifungia saumu. Niliipandia Kalinzi. Niliiwekea viatu vya watu mstari ulionyooka Alhamisi baada ya Alhamisi, na wewe ukaja nayo nyumbani kama mtu aliyeokota kitufe, ukanywa chai vikombe viwili ukalala. Mimi sikulala. Nilikuwa natafuta kasoro. Nilisema ni uchovu. Nilisema ni jua. Nilisema ni majonzi, na majonzi yana mambo yake.

Nikakupeleka kwa Khalifa, na ulidhani nimekupeleka kwa fahari. Nilitaka akwambie ni majonzi. Alikusikiliza mpaka mwisho huku tasbihi imesimama mkononi, akakuuliza swali moja tu, kama uliogopa. Ukamjibu, "Hapana, Khalifa. Niliona haya. Siku zote nilikuwa nambishia bei, nikidhani ni mtu mwingine." Mzee yule akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Mimi pia nilifuta macho, kwa sababu zangu.

Ndipo akasema uende ng'ambo kwa Bibi. Habari za Bibi sote tunazijua pale zawiyani: mwanamke wa tarika yetu, mzee sana sasa, ambaye nyumba yake hupokea wale ambao ziwa limewatoa na hakuna anayejua jina lao wala walisali wapi. Anawaosha wanawake kwa mkono wake, wanaume anawatafutia wa kuwaosha, na wote huwazika kama ndugu. Anatafuta wa kumrithisha mikono hiyo. Watu wengi wametamani kupelekwa kwake. Sitaji majina. Nikasikia sauti yangu inauliza, "Na mimi, Khalifa?"

"Wewe baki na viatu," akasema. "Ukiondoka wewe tutarudi nyumbani pekupeku."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Ukimwona mtu anacheka kuliko wote, Siwema, mtazame vizuri.

Sasa nikwambie ya leo. Mchana niliaga kwamba nakwenda kununua gundi. Sikununua gundi. Nilitia ile ndala ya kijani kwenye kiroba nikaenda Kibirizi, nikijiambia nakwenda kubadilishana kama ilivyo desturi ya watu waungwana. Ukweli ni kwamba nilikwenda kupeleleza. Boti ni kesho, radhi inadaiwa, na mimi nilibakiwa na tumaini moja dogo baya: labda siku ile ulikuwa hujala.

Nilimkuta Speransi kwenye vichanja anageuza dagaa. Akanipa shikamoo kabla sijafika. Nikasema mimi ni baba yake Siwema. "Najua, papa," akasema. "Muko na uso moja." Akanipa ndoo niikalie.

Nikamuuliza, kwa mzunguko wa kutosha, kama siku ile mtoto wangu alikuwa ametia kitu tumboni.

"Alikula. Bugali na dagaa. Alikula kuliko mimi."

Nikauliza kama hukupata kizunguzungu. Hapana. Kama hukulia kupita kiasi.

"Mimi njo nililia. Yeye alikuwa anaimba."

"Anaimba nini?"

"Wimbo ya kanisa yetu. Maneno hakujua. Alikuwa ananifuata tu, kama mtoto." Akageuza dagaa kidogo, akanitazama. "Papa, unatafuta nini?"

"Ndala," nikasema.

Hapo ndipo mawingu yalipotokea upande wa Kongo. Ulikuwa ukinisimulia habari za mvua ya Kibirizi, lakini mimi nilikuwa nakusikiliza kwa sikio la fundi, nikingoja ufike kwenye viatu. Pwani nzima iliacha kila kitu. Hakuna aliyekimbilia vichanja vyake. Aliye karibu na dagaa anaokoa dagaa alio karibu nao, wa nani itajulikana baadaye, maana ukianza kuwatafuta wa kwako mvua inawapata wa wote. Nilikuwa bado nimekalia ndoo. Mama mmoja mnene aliyekuwa anaburuta turubai akaniambia, "Wewe mzee wa Ujiji, umekuja kutupiga picha? Vua hivyo viatu ushike upande wa pili." Nyavu za kuanikia, zilizotandikwa chini mchangani, hazikanyagwi na viatu. Nikavua, nikashika.

Tulikusanya. Sijui nikwambie nini zaidi. Mikono ilikuwa mingi, dagaa walikuwa wengi, upepo ulikuwa unatutangulia. Wa mwisho tuliwaokoa mvua imeshaanza, tukajibana wote chini ya turubai moja, tumelowa nusu, tunanuka. Mkono wa mtu ulikuwa begani kwangu na wangu ulikuwa begani kwa mtu. Mtu mmoja akacheka, sijui nani, na sote tukacheka, na sikumbuki kilichochekesha. Mvua ikanyesha. Ikaacha.

Halafu wakaanza kugawana, huyu wangu huyu wako, bila kubishana sana. Speransi akaniambia ndala ya Siwema ipo pale ukutani, kati ya zile zilizovuliwa, ile ya buluu. Nikaitia kirobani, nikamwachia ya kijani, nikavaa viatu, nikapanda pikipiki.

Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani ndipo nilipokumbuka kilichonipeleka. Nikainama kutazama miguu yangu haraka, kama mtu anayepapasa mfuko sokoni. Viatu vyangu. Kulia changu, kushoto changu, na kiraka nilichoweka mwenyewe. Basi, hakuna kilichotokea. Nililowa tu. Mama yako akaniuliza gundi iko wapi, nikasema imekwisha dukani.

Kwa hiyo nimerudi kama nilivyokwenda, na wivu wangu nimerudi nao, tena umeloa. Nilikuwa nimepanga kuutoa kwanza wote, niusafishe moyo, ndipo nikutamkie radhi iliyo nyeupe kama ya wazazi wa kwenye mawaidha. Nimeshindwa. Nikingoja hivyo utazeeka hapa ukiuza dagaa. Basi chukua radhi yangu ilivyo. Unawajua dagaa walioanikwa mchangani: hakuna namna, mchanga umo. Hakuna anayewatupa. Unawaosha mara mbili, tatu, unawapika, na ukisikia chembe moja inalia kwenye jino unajua wanatoka kwa nani.

Nimekuwia radhi, Siwema, duniani na akhera, mimi baba yako, na mchanga wake.

Ukifika kwa Bibi watu watakuuliza ulianzaje. Usiwaambie kwamba hukutafuta. Ni kweli, lakini inatuuma sisi tuliotafuta, na katika kila nyumba ya namna ile yupo mmoja wetu amekaa karibu na mlango. Mtambue. Mpe chai. Usimpe ushauri.

Na hali ile ikikuacha, maana wazee wanasema huacha, usiikimbilie na usiigize. Mimi nimeigiza mara moja tu na mtu akaumia kidole. Osha aliye mbele yako, basi.

Ukinipigia simu usinisimulie yote kwa pamoja. Anza na habari za chakula, hali ya hewa, Bibi anakohoa au hakohoi. Halafu nimiminie kidogo kidogo, kwa kipimo anachoweza mtu mwenye wivu. Nikinyamaza usidhani mtandao umekatika.

Mama yako ameacha kukoroma, maana yake amenisikia nikiandika na anangoja nimalize aniulize nimeandika nini. Nitamwambia nimekuagiza ulale ndani ya chandarua. Kesho bandarini nitalitamka neno hilo kwa mdomo, mbele ya Khalifa, na sauti yangu ikikwama utajua ni chembe.

Ni mimi baba yako,
mlinzi wa viatu.

Nimeinuka sasa hivi nikatoa ndala kirobani, niiweke kizingitini pamoja na mwenzake ili ukiamka uzikute. Nimezipanga sambamba, nikarudi kuchukua taa, nikazitazama tena. Zote mbili ni za mguu wa kushoto.